Wiki nne za kiangazi Ujerumani, na mahali saa zinakopotelea

Kozi ya kiangazi katika chuo kikuu cha Ujerumani huchukua wiki tatu au nne, chache hufika sita, na nyingi zimebanwa kati ya Julai na Septemba. Sababu ni kalenda yao. Vipindi vya muhula wa kiangazi huisha katikati ya Julai, vya muhula wa baridi havianzi mpaka Oktoba, na hapo katikati madarasa yako wazi na vyumba vya mabweni vinapatikana. Likizo ndefu ya vyuo vingi vya Tanzania nayo huangukia humohumo, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kwenda na kurudi bila kuahirisha mwaka.

Tatizo la wiki nne ni kwamba ni siku ishirini tu za darasa. Tatu zikienda kwa kuhangaika na laini ya simu na kadi ya benki, mbili kwa kukaa darasa lisilo lako, moja kwa kuchanganya saa, umeshatupa zaidi ya robo ya ulichokilipia. Ndiyo maana maelezo haya yanafuata saa na tarehe kuliko vivutio. Makumbusho yatakuwepo tu.

Anza kuhesabu kutoka nyuma

Kabla ya viza kuna ratiba ya chuo chako mwenyewe. Wanafunzi wengi hufanya mafunzo kwa vitendo, yaani fildi, katika likizo hiyohiyo. Wiki nane za fildi na wiki nne za Ujerumani zinaweza kuingia ndani ya likizo moja, ila kwa sharti kwamba mratibu wa fildi amekubali kwa maandishi uanze mapema au uchelewe. Makubaliano ya mdomo, ya koridoni, huyeyuka siku ya kujaza fomu za tathmini.

Fedha nazo huamuliwa mapema kuliko wengi wanavyodhani. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wanataaluma, lina ufadhili maalumu wa kozi za kiangazi. Linataka kozi isiyopungua siku 18, yenye vipindi visivyopungua 25 kwa wiki, na mwombaji awe amefikia angalau A2 ya Kijerumani, ngazi ya pili kati ya sita za lugha. Dirisha kwa kawaida hufungwa Desemba ya mwaka uliotangulia. Sasa piga hesabu: kwa makadirio ya Goethe-Institut, ambayo ina vituo Dar es Salaam na Nairobi, kufikia A2 kunataka kati ya vipindi 200 na 350 vya dakika 45. Anayejifunza kusema "guten Tag" mwezi wa Oktoba hatakuwa na cheti cha A2 Desemba. Miezi kumi na nane kabla ya safari ndiyo wakati wa kuanza. Bumu, yaani mkopo wa wanafunzi, tusilitaje, likifika wiki ya tatu halitoi hata nauli ya kwenda ubalozini.

Kozi isiyozidi siku 90 huombewa viza ya muda mfupi ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Uamuzi hutolewa ndani ya siku 15, lakini sheria inawaruhusu kuvuta mpaka 45, kwa hiyo omba miadi siku ileile barua ya kukubaliwa inapoingia. Ada ya kawaida tangu Juni 2024 ni euro 90. Hapa pana jambo ambalo waombaji wengi hulipita bila kuliona: kanuni ya viza ya Umoja wa Ulaya, kifungu cha 16, inamsamehe ada hiyo mwanafunzi anayesafiri kwa ajili ya masomo. Uwe na barua mbili mkononi, ya chuo chako inayoonyesha kuwa wewe ni mwanafunzi na ya chuo cha kule inayoonyesha unakwenda kusoma nini. Kampuni inayopokea fomu kwa niaba ya ubalozi, pale ilipo, itadai ada yake ya huduma hata hivyo.

Maombi huangushwa na vitu vidogo visivyolingana. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000, ikubalike nchi zote za Schengen, na ianze siku ya kutua hadi siku ya kuondoka. Watu hununua ya siku 28 kwa kuwa kozi ni ya siku 28, wakasahau kwamba wanafika Ijumaa na wanaondoka Jumapili. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kuondoka Schengen, na iwe na kurasa mbili tupu. Picha ni milimita 35 kwa 45. Taarifa ya benki ndiyo inayosomwa kwa makini: milioni tano zilizoingia kwa mkupuo siku tatu kabla ya miadi, kwenye akaunti ambayo kwa miezi miwili ilikuwa na elfu arobaini, zinauliza swali ambalo hukujiandaa kulijibu. Kama anayelipa ni mzazi au mjomba, weka taarifa ya benki yake yeye, barua yake, na cheti cha kuzaliwa au hati nyingine inayoonyesha undugu wenu. Na barua ya chuo chako iseme wazi tarehe ya kufungua muhula ujao, maana hiyo ndiyo hoja yako ya kurudi.

Viza ikitoka, isome hapohapo dirishani. Stika ina vitu viwili vinavyofanana machoni: tarehe ambazo viza iko hai, na idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa. Inaweza kuwa hai siku 45 lakini ukaaji ni siku 30 tu, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuhesabu siku hizo kwa kompyuta, kwa alama za vidole na picha ya uso badala ya muhuri. Afisa hana haja tena ya kufunua kurasa. Viza hii haikupi ruhusa ya kibarua, hata cha kuosha vyombo, na usiipange safari kana kwamba utaongezewa siku ukiwa kule.

Begi

Neno lenyewe "kiangazi" linatudanganya. Kwetu kiangazi ni jua kali na mvua hakuna. Kiangazi cha Ujerumani kina mvua, na sehemu nyingi Julai ni miongoni mwa miezi yenye mvua zaidi. Mchana joto linaweza kupanda mpaka nyuzi 33, usiku likashuka mpaka 13. Vyumba vya mabweni kwa kawaida havina feni wala kiyoyozi. Wenyeji hufungua madirisha usiku na asubuhi na mapema, kisha huyafunga na kushusha mapazia mchana kutwa. Ukifanya kinyume, kama tulivyozoea, chumba kitakuwa tanuri ifikapo jioni. Beba sweta moja, koti jepesi la mvua, na kitambaa cha kufunika macho, kwa sababu tutakazozieleza kwenye saa.

Adapta ya plagi inunuliwe Kariakoo au River Road kabla hujaondoka. Umeme wa kule ni volti 230, karibu sawa na wetu, lakini soketi ni ya matundu mawili ya duara, wakati chaja za Kenya, Uganda na Tanzania nyingi ni za pini tatu za mstatili. Ukifika na kuulizia adapta dukani utapewa ya Mjerumani anayekwenda Uingereza, yaani ya upande wa pili, isiyokusaidia kitu. Wenye plagi za pini mbili za duara, kama nyingi za Burundi na Kongo, wanachomeka moja kwa moja.

Chakula kina sheria zake. Nyama na vitu vya maziwa haviruhusiwi kuingizwa Umoja wa Ulaya kwenye begi la abiria, hata kama ni nyama kavu aliyoifunga bibi kwa karatasi tatu. Matunda na mboga mbichi zinahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matunda matano tu: nanasi, nazi, dorian, ndizi na tende. Embe halimo. Maembe ya Muheza yatabaki kwenye meza ya forodha Frankfurt, na atakayeyaangalia yakitupwa ni wewe.

Kadi ya njano ya chanjo Ujerumani hawaiulizi, lakini ibebe kwa ajili ya safari ya kurudi, hasa kama unapitia nchi nyingine ya Afrika na kusubiri ndege kwa saa nyingi.

Siku tatu za kwanza

Usifike Jumapili ukiweza kuepuka. Maduka yote ya kawaida hufungwa Jumapili, makubwa kwa madogo, kwa sheria. Yanayobaki ni ya ndani ya stesheni kubwa za treni, vituo vya mafuta kwa bei ya kuumiza, na baadhi ya maduka ya mikate kwa saa chache za asubuhi. Anayetua Jumapili mchana bila chakula atakula biskuti za ndege. Kiangazi pia kina sikukuu zinazowashtua hata Wajerumani wa majimbo mengine: tarehe 15 Agosti hufungwa Saarland na sehemu kubwa ya Bavaria, na tarehe 8 Agosti ni mji wa Augsburg peke yake.

Miongozo mingi ya mitandaoni itakuambia kitu cha kwanza ni kwenda ofisi ya mji kujiandikisha anwani, Anmeldung. Hiyo ni ya wanaokuja kukaa. Anayeishi nje ya Ujerumani na amekuja kwa chini ya miezi mitatu hahitajiki kujiandikisha. Umeokoa asubuhi nzima ya foleni.

Ufunguo wa chumba ni mali ya hatari kuliko unavyofikiri. Milango mingi hujifunga yenyewe ukitoka, na fundi wa kufungua usiku au Jumapili hutoza pesa nyingi. Ukiupoteza, na ni wa mfumo mmoja na milango ya jengo zima, unaweza kudaiwa mamia ya euro kwa ajili ya kubadilisha vitasa. Bima ya safari haigusi jambo hilo. Linaloligusa ni bima ya madhara kwa wengine, Haftpflicht, na uulize kama ufunguo umo. Uliza pia kabla ya kusafiri kama chumba kina mashuka na sufuria, maana vingi havina.

Dhamana ya chumba, Kaution, hukusubiri mwishoni. Wengi huirudisha kwa kuhamisha benki wiki kadhaa baada ya wewe kuondoka, na fomu inataka akaunti yenye IBAN, namba ya akaunti ya mfumo wa kimataifa. Akaunti zetu hazina. Siku ya kukabidhiwa ufunguo, si siku ya kuondoka, uliza kama watarudisha taslimu au watatuma kwa benki ya nje, na nani atakatwa gharama ya kutuma.

Kuhusu pesa: benki iwashe kadi yako kwa matumizi ya nje na ya mtandaoni kabla hujapanda ndege, na laini yako ya nyumbani ibaki na romingi. Benki itakutumia namba ya siri ya muda kwa SMS kwenye laini hiyohiyo, na bila namba hiyo hununui hata tiketi ya treni mtandaoni. Beba euro 150 hadi 200 taslimu kwa noti ndogo. Noti ya 200 hukataliwa madukani. Laini ya kule husajiliwa kwa pasipoti, na njia ya kujisajili kwa video huwa inakwama kwa pasipoti za nje, kwa hiyo nunua kwenye duka ambalo mhudumu mwenyewe anakamilisha usajili.

Usafiri una mtego wake wa kalenda. Tiketi ya Deutschlandticket, iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49 na kufika 63 Januari 2026, inakupandisha basi, tramu, treni za mjini na za mkoa nchi nzima, ila si treni za kasi za ICE wala IC. Inahesabiwa kwa mwezi wa kalenda. Kozi ya tarehe 20 Julai hadi 14 Agosti inakulazimu kulipa miezi miwili, na ni usajili unaojirudia wenyewe usipoukatisha kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaotaka uishie. Kabla ya kuinunua uliza chuo kama ada ya kozi imejumuisha usafiri. Kozi nyingi hujumuisha. Tiketi ya karatasi ya kawaida mara nyingi lazima igongwe kwenye mashine ndogo kabla ya kupanda. Isiyogongwa ni sawa na kutokuwa nayo, na faini ni euro 60.

Halb acht

Hapa ndipo Mswahili anapopotea kuliko mgeni mwingine yeyote. Mwalimu akisema "halb acht", maneno yenyewe ni "nusu" na "nane". Akili yetu inasikia nane na nusu. Siyo. Mjerumani anahesabu nusu ya kuelekea nane, yaani 7:30. Kiswahili kinatazama nyuma, saa iliyopita na nusu yake; Kijerumani kinatazama mbele, saa inayokuja na nusu iliyokwisha kufikiwa. Juu ya hapo unabeba hesabu ya pili, ya saa zetu zinazoanza na jua: 7:30 yao ni saa moja na nusu yetu. Kichwa kinafanya mageuzi mawili kwa mkupuo, na kosa la kawaida ni kufika 8:30, saa nzima baadaye, ukitabasamu.

Inaendelea. "Fünf vor halb acht" ni 7:25, "fünf nach halb acht" ni 7:35. Na ukiwa Leipzig au Dresden, au sehemu za kusini, utasikia "viertel acht", robo nane, ambayo ni 7:15, na "drei viertel acht", robo tatu nane, ambayo ni 7:45. Mwanafunzi aliyejifunza Kijerumani cha kitabuni hukutana na hayo kwa mara ya kwanza stesheni. Dawa ni moja: weka simu kwenye saa 24, na ukiambiwa saa kwa mdomo, irudie kwa tarakimu, "sieben Uhr dreißig?", mpaka useme sawa na wao. Hakuna atakayekuona mjinga. Wajerumani wa miji tofauti wenyewe hutofautiana juu ya hiyo robo.

Kwenye ratiba utaona herufi c.t. au s.t. baada ya saa. C.t., kifupi cha Kilatini cum tempore, ni ile robo saa ya vyuo vikuu: 10 c.t. kipindi kinaanza 10:15. S.t., sine tempore, ni juu ya alama, 10:00. Kozi za lugha za kiangazi kwa kawaida ni s.t. hata kama haikuandikwa, na mhadhara wa jioni wa profesa mwalikwa unaweza kuwa c.t. Kuchelewa dakika tano darasani hakutangazwi kama kosa, ila dakika tano hizo huandikwa, na hesabu yake inakuja mwishoni.

Jua nalo halifuati adabu. Mwishoni mwa Juni mjini Berlin linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama saa tatu na nusu usiku. Ndiyo, saa tatu ya usiku na watoto wanacheza nje kwenye mwanga. Mwili unaosubiri giza ili upate njaa na usingizi unakula chakula cha jioni saa nne na kulala saa saba, na asubuhi unasinzia darasani. Kula kwa saa, lala kwa saa, funika macho. Kwa Mwislamu, Magharibi inakuwa karibu saa tatu na nusu usiku na Isha inasogea usiku mkubwa; kaskazini ya nchi mwezi Juni na mwanzoni mwa Julai anga halifikii giza kamili, ndiyo maana misikiti hutumia ratiba za makadirio zinazotofautiana kati ya msikiti mmoja na mwingine. Chagua msikiti wa karibu na fuata karatasi yao badala ya programu ya simu.

Nyumbani, kwa bahati, tofauti ni saa moja tu wakati wa kiangazi: kwao saa mbili usiku, kwenu saa tatu.

Darasani, na karatasi utakayorudi nayo

Mtihani wa kupangwa daraja, Einstufungstest, mara nyingi hufanywa mtandaoni wiki chache kabla. Ufanye peke yako na bila kamusi. Anayesaidiwa hupandishwa B1 akiwa A2, anatumia siku tatu akijaribu kuelewa maswali, na kuhama darasa huruhusiwa siku mbili tatu za mwanzo tu. Akihama anakuta wenzake wamefika somo la pili.

Kipindi kimoja cha Kijerumani ni dakika 45. Kozi ya wiki nne yenye vipindi 25 kwa wiki ni vipindi 100, yaani saa 75 za saa kamili, bila kuhesabu kazi za nyumbani. Mwalimu anategemea ukatize na kuuliza. Kunyamaza ambako kwetu ni heshima, kule husomeka kuwa hukujiandaa au huelewi, na alama ya ushiriki inashuka. Kwenye kozi za kiangazi walimu wengi hutaka waitwe kwa jina la kwanza na "du". Nje ya darasa, ofisini na dukani, shika "Sie" mpaka wao waanze. Sie si shikamoo: haimwendei mkubwa na kurudi tofauti kwa mdogo, mnaitana Sie nyote wawili hata kama yeye ana miaka sabini. Mhadhara ukiisha, watu hugonga meza kwa vifundo vya vidole. Ndiyo makofi yao.

Karatasi ya mwisho ndiyo inayoharibu safari nyingi zilizokwenda vizuri. Zipo za aina mbili. Moja ni cheti cha kuhudhuria, Teilnahmebescheinigung, kinachosema tu ulikuwepo; nyingine ni transkripti yenye alama, saa na krediti za ECTS, mfumo wa vyuo vya Ulaya wa kupima mzigo wa masomo. Kwenye kozi nyingi mtihani wa mwisho ni wa hiari, na asiyefanya hupewa ya kwanza. Pia huwa kuna kiwango cha mahudhurio, mara nyingi asilimia 80, na zile dakika tano tano pamoja na Ijumaa ya kwenda Prague zinaingia humo.

Krediti moja ya ECTS ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi. Kwa mfumo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10. Kozi yenye ECTS 5 ni saa 125 hadi 150, sawa na krediti 12.5 hadi 15 za kwetu. Hesabu hiyo iandike mwenyewe kwenye barua ya kuomba krediti zitambuliwe, usimwachie karani, na ipelekwe kwa mkuu wa idara kabla ya safari pamoja na muhtasari wa kozi. Akikataa, ujue mapema unakwenda kwa ajili ya lugha tu.

Kisha alama. Ujerumani 1,0 ndiyo kilele, 4,0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu na 5,0 ni kufeli. Aliyesoma akiwaza Divisheni Wani hashangai kuona moja ikiwa juu, lakini ofisi ya mitihani ya chuo inasoma GPA, ambako tano ndiyo kilele na daraja la kwanza huanzia 4.4. Transkripti yenye 1,3, alama nzuri sana, ikitua mezani bila maelezo inanuka disko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli. Dai ufunguo wa alama uchapwe kwenye karatasi ileile, au nyuma yake, ukiwa na muhuri. Omba nakala ya Kiingereza, na omba wiki ya tatu. Ijumaa ya mwisho mratibu ana wanafunzi themanini mlangoni na mashine ya kuchapa moja.

Chakula, chupa na homa

Kantini ya chuo, Mensa, ndiyo mlo wa bei nafuu, ila bei ya mwanafunzi inataka kadi ya mwanafunzi. Bila kadi unalipa kama mgeni. Likizo hufupisha saa zake, na baadhi hufunga kabisa kwa wiki kadhaa. Mabango huonyesha nguruwe kwa picha au herufi. Neno la kuogopa kwa asiyekula ni Schwein, na Speck pia, vile vipande vidogo vinavyojificha kwenye saladi ya viazi na supu ya dengu. Nyama ya halali iko kwenye maduka ya Waturuki.

Unga mweupe wa ugali upo kwenye maduka yanayoitwa Afro-Shop, hasa karibu na stesheni kuu za miji mikubwa. Polenta ya supamaketi ni mahindi ya njano yaliyosagwa kwa chembe kubwa. Inasongeka, lakini iache iive muda mrefu zaidi. Mchicha badala yake ni spinachi ya kugandishwa, na hapo soma pakiti: Blattspinat ni majani matupu, Rahmspinat imetiwa krimu na itakuharibia pishi. Tui la kopo lipo karibu kila supamaketi, kwenye rafu ya vyakula vya Asia. Maji ya bomba yananyweka.

Usipokunywa ya bomba, utakutana na Pfand. Chupa ya plastiki ya kutumia mara moja na kopo vina amana ya senti 25, chupa nyingi za kurudiwa senti 15, chupa ya bia senti 8, na chupa ya divai kwa kawaida haina. Mashine iko mlangoni mwa supamaketi, inasoma alama kwenye lebo na kukupa kikaratasi cha kupeleka kwa mwenye kaunta. Chupa iliyokunjwa kwa ustaarabu ili isijaze begi haisomeki, na senti zako zimekwenda.

Homa isichukuliwe kuwa ni mabadiliko ya hali ya hewa. Malaria kali kwa kawaida hujitokeza siku 7 hadi 30 baada ya kuumwa na mbu, yaani mbu wa wiki ya mwisho nyumbani anakukuta katikati ya kozi. Daktari wa mji mdogo wa Bavaria anaweza kuona mafua. Mwambie kwa sentensi ya kwanza kabisa kwamba umetoka eneo la malaria na unataka damu ipimwe leo. Namba ya dharura ni 112. Kwa ugonjwa usio wa kufa na kupona nje ya saa za kazi piga 116117. Antibiotiki haziuzwi bila karatasi ya daktari, hata ukiijua dawa yenyewe kwa jina. Bima nyingi za safari hukutaka ulipe kwanza, kwa hiyo ondoka na ankara yenye jina la ugonjwa, siyo risiti ya mashine tu.

Wiki ya mwisho ina mambo manne yenye saa: transkripti, usajili wa tiketi ya usafiri ambao tarehe 10 yake huenda imeshapita, ukaguzi wa chumba unaofanywa siku za kazi tu na mara nyingi asubuhi, na treni ya kwenda uwanja wa ndege, ambayo uichukue ile inayokufikisha saa nne kabla ya ndege kuruka, kwa sababu treni za Ujerumani huchelewa kuliko sifa zake. Ndege nyingi za wanafunzi ni za Jumapili. Chupa zirudishwe Jumamosi.